Barua ya Wazi kwa Meza ya Bima: Gari la Kale Lenye Bei Mbili

Kwa: Meza ya Bima za Magari, Dar es Salaam na mikoa yote

YAH: UCHAGUZI WA BIMA YA GARI LA KALE LINALOTEMBEA KWA NADRA

Gari la kale ni gari ambalo mwenyewe hulitoa nje kwa kulipenda, si kwa kuchelewa kazini. Umri wake hupimwa tofauti kila mahali. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale lililoundwa mwaka 1966, huanzia miaka 30. Ujerumani nayo hushika 30, na tangu 1997 hulipa gari la namna hiyo namba inayoishia na herufi H. Uingereza husubiri miaka 40, kisha hulisamehe kodi ya barabara na ukaguzi wa kila mwaka. Meza ya Bima, inayoandikiwa barua hii kwa heshima zote, haina subira hiyo. Gari likikaribia miaka 15 nyuso huanza kukunjwa; likifika 40, mwenyewe hupokelewa kama mtu aliyeleta mbuzi benki kumfungulia akaunti.

Tanzania magari haya si ya matajiri peke yao. Zimo Peugeot 404 na 504, Volkswagen zenye injini nyuma, Datsun za miaka ya 1970 na, juu ya zote, Land Rover 109. Namba hiyo ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Series II ilianza kutengenezwa 1958. Series III ilitoka 1971 ikakoma 1985. Ndizo zilizobeba mabwana shamba, mapadri, polisi, wajawazito na maiti enzi ambazo kwenda makao makuu ya wilaya ilikuwa safari ya kuagana. Oktoba 2024 Land Rover kwa mamia zilikusanyika Arusha kwa tamasha lao, watu wakajaa barabarani kuzitazama. Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam huhifadhi magari yaliyotumiwa na viongozi, Rolls-Royce likiwamo. Kwa hiyo dola imelitambua gari kuukuu kuwa urithi na wananchi wamelitambua kuwa shangwe. Fomu ya bima ndiyo inayosisitiza kuwa ni chuma chakavu chenye kadi.

Chaguo la kwanza halichaguliwi. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, hairuhusu gari litumike barabarani bila bima ya kuwakinga watu wengine, na hiyo ndiyo bima ndogo. Humfidia aliyeumizwa, au warithi wa aliyefariki. Kwa mikataba iliyo mingi hulipa na mali ya mtu huyo hadi kikomo kilichoandikwa. Mwenye gari mwenyewe hapati hata kioo cha pembeni. Gharama yake kwa gari dogo la binafsi ni laki moja na ushei pamoja na VAT, bei ileile kwa linalopambana na foleni kila siku na kwa linalotoka Jumapili moja kwa mwezi. Hapa Meza haistahili lawama. Anayegongwa na Land Rover ya 1974 huumia sawa na anayegongwa na gari jipya, huenda zaidi, maana bampa yake ni chuma kitupu na breki zake ni za dramu magurudumu yote manne.

Gari lililopandishwa juu ya mawe uani halipo barabarani. Siku fundi anapolitoa kwenda "kulisikiliza" mpaka kona ya pili, lipo, na trafiki wa kona ya pili hajali kwamba safari ilikuwa ya kusikiliza. Wapo wanaofikiria kukata bima ya miezi michache tu, ile ya sikukuu. Bima ya muda mfupi ipo, ila ada yake haipatikani kwa kugawanya: kwa desturi ya biashara hii, robo ya mwaka hugharimu zaidi ya robo ya ada ya mwaka. Sababu inayotolewa ni gharama za uendeshaji. Inaelekea hati ya miezi mitatu huchapwa kwa wino wa bei mbaya.

Kati ya bima ndogo na bima kubwa, ile inayolikinga na gari lenyewe, ipo nyingine ambayo mawakala huitaja wakiulizwa tu, kwa kuwa kamisheni yake si ya kujengea nyumba. Ni bima ya watu wengine iliyoongezwa moto na wizi. Kwa gari linalolala zaidi ya kutembea, hatari nyingi ziko pale linapolala, na moto ni ya kwanza. Nyaya za miaka 50 zimepasuka ngozi, mipira ya petroli imekauka, kabureta inavuja kidogo kidogo usiku na betri haijawahi kuchomolewa. Wizi ni wa pili, na mwizi wa Land Rover ya Series hahitaji kujua kompyuta. Bado lipo la kuuliza kabla ya kusaini: je, wizi wa taa, grili, nembo na tairi ya akiba unahesabiwa, au ni lazima mwizi aondoke na gari zima? Mara nyingi ni gari zima. Mwizi mstaarabu, anayechukua spea anazohitaji na kuacha bodi, humwachia mwenye mali hasara isiyo na jina. Mafuriko na mti kuanguka havimo katika bima hii ya kati. Kutu haimo katika bima yoyote, kwani uchakavu wa kawaida hauhesabiwi kuwa ajali hata katika bima kubwa.

Bima kubwa ndiyo yenye mambo. Ada yake ni asilimia ya thamani ya gari. Kiwango kilichozoeleka kwa gari la binafsi ni asilimia 3.5, na juu yake VAT ya asilimia 18. Ichukuliwe Land Rover 109 iliyofufuliwa kwa miaka kadhaa, ikaandikwa kwenye fomu kuwa ina thamani ya Sh milioni 20. Ada ni 700,000, VAT ni 126,000, jumla 826,000. Kwa gari linalotembea kilomita 20,000 kwa mwaka, kiasi hicho ni kama shilingi 41 kwa kilomita. Linalotembea kilomita 1,000 hulipa shilingi 826 kwa kila kilomita, na petroli bado haijanunuliwa. Fomu haiulizi kilomita. Huuliza rangi.

Hata hivyo ada peke yake si msiba. Msiba ni kwamba gari hilo lina bei mbili. Bei ya kwanza ni ya kulipia: hutajwa na mwenye gari siku ya kukata bima na hupokelewa kwa tabasamu. Bei ya pili ni ya kulipwa, nayo huzaliwa siku ya ajali. Mkataba wa kawaida husema kampuni italipa thamani iliyoandikwa au bei ya soko ya gari muda mfupi kabla ya ajali, ile iliyo ndogo kati ya hizo. Mkadiriaji hasara hutumwa basi kutafuta bei ya soko ya gari ambalo soko lake ni wazee watatu na fundi mmoja wanaofahamiana. Akikuta nyingine ya umri huo inauzwa haina injini, amepata kigezo. Akirudi na milioni 8, fidia itaanzia hapo, na kabla haijatoka hukatwa kile kiasi cha kila hasara ambacho mwenye gari hujibebea mwenyewe. Ada iliyolipwa juu ya zile milioni 12 nyingine, yaani Sh 495,600 kwa mwaka mmoja na VAT yake, hairudi. Hakuna anayeizungumzia, na kimya hicho kimepangwa vizuri.

Mwerevu anayeandika milioni 8 tangu mwanzo ili apunguze ada naye hakwepi. Gari likifa kabisa hatapata zaidi ya alichoandika, hata mkadiriaji akiamka siku hiyo na moyo mweupe. Likiumia upande mmoja tu, mkataba wenye kipengele cha kukata bima pungufu utalipa sehemu ya gharama kulingana na upungufu huo, kana kwamba nusu ya mlango haikuwa na bima. Zaidi ya hayo, thamani hushushwa kila mwaka mkataba unapohuishwa, kwa imani kwamba magari yote huchakaa kuelekea sifuri. Kwa Toyota ya kwendea kazini imani hiyo ni ya haki. Gari la kale lililotunzwa huenda likapanda bei, na fomu haina mshale unaoelekea juu.

Kipo kipengele kingine kinachostahili kusomwa kwa sauti. Mikataba mingi husema spea isipopatikana nchini, kampuni italipa si zaidi ya bei ya mwisho iliyochapishwa katika orodha ya mtengenezaji. Series III ilikoma 1985. Fenda yake ya aloi ya alumini ikikunjwa leo, mwenye gari anaalikwa kujadili bei za wakati ambao yeye mwenyewe pengine alikuwa hajazaliwa. Kwa bahati njema vioo vya mbele vya Series ni bapa, na fundi vioo yeyote huvikata. Peugeot 504, yenye kioo cha mviringo, haina bahati hiyo. Anayechagua bima kubwa na aulize kwanza kuhusu spea zilizoagizwa nje, spea zilizotumika na kazi ya kunyoosha bodi kwa mkono. Baada ya hapo ndipo aulize kuhusu ada.

Kwingineko ugonjwa huu wa bei mbili ulishapata dawa, nayo inajulikana: thamani iliyokubaliwa. Pande mbili hukubaliana kiasi kabla ya bima kuanza, hukiandika katika mkataba, na gari likifa kabisa kiasi hicho hulipwa bila kwenda sokoni. Hagerty, kampuni iliyoanzia Traverse City, Michigan, mwaka 1984 kwa kukatia bima boti za mbao, ilikua kwa njia hii hadi kuwa jina kubwa la bima ya magari ya kale Marekani. Uingereza mikataba ya aina hiyo huwekewa kikomo cha maili kwa mwaka, kama 1,500, 3,000 au 5,000, na anayetembea kidogo hulipa kidogo. Unafuu huo una masharti: liwepo gari jingine la kazi za kila siku, la kale lilale mahali panapofungwa, na lisitumike kwenda kazini. Masharti haya hayamwudhi mwenye gari la kale, maana ndivyo anavyoishi tayari. Ipo na haki ya kununua mabaki. Kwa kawaida kampuni ikishalipa gari zima, mabaki ni yake na huishia mnadani; mwenye Land Rover hutamani kuyabakiza, kwa kuwa kwake mabaki ni spea za Land Rover ijayo.

Hakuna katika hayo linalohitaji bunge kuketi. Mkataba wa bima hukubali nyongeza, na nyongeza ni karatasi moja yenye saini. Mwenye gari anayetaka bima kubwa hutakiwa afike mezani na ripoti ya mthamini, picha za gari nje, ndani na chini, stakabadhi za injini, rangi na spea, kisha aombe kwa maandishi kiasi kilichokubaliwa na haki ya mabaki. Ni vema apitie kwa dalali wa bima, ambaye humwakilisha mteja, kuliko wakala, ambaye huiwakilisha kampuni. Wengi huwachanganya wawili hawa mpaka siku ya madai. Meza ikijibu kwamba mfumo haukubali, jibu hilo nalo liombwe kwa maandishi. Mifumo mingi hulegea hapo.

Matumizi yaandikwe kama yalivyo. Gari la kale huazimwa harusini, likavishwa maua na kumbeba bibi harusi kwa mwendo wa konokono. Likiazimwa bure, ni matumizi binafsi. Likilipiwa, hata kwa bahasha isiyofunguliwa hadharani, limekodishwa, na bima ya binafsi hailikingi. Maandamano ya tamasha si mashindano. Saa ya kupimia mwendo ikitolewa tu, ni mashindano, na hayo hayakingwi. Anayetamani kufuata njia za Safari Rally, iliyoanza 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, atahitaji Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania inashiriki ingawa si mwanachama wa COMESA. Kadi hiyo huwakinga watu wengine ng'ambo ya mpaka. Gari lenyewe huhitaji nyongeza yake. Na kwa kuwa gari la kale hukaa kwa fundi kuliko kwa mwenyewe, iulizwe kama bima inaendelea likiwa gereji, na kama fundi anayelijaribu ana leseni.

Kwa mpangilio huo, uamuzi si mgumu. Gari ambalo mwenyewe anaweza kulijenga upya kwa mfuko wake linatoshwa na bima ya watu wengine, moto na wizi. Gari ambalo hawezi kulijenga upya linafaa bima kubwa, ila yenye thamani iliyokubaliwa. Bima kubwa isiyo na sharti hilo ni mchango wa hiari kwa Meza, na michango ina njia zake nyingine. Meza inaombwa iongeze kwenye fomu mistari miwili: kilomita kwa mwaka, na thamani iliyokubaliwa, yenye nafasi ya saini mbili. Nafasi itapatikana kwa kufuta swali la rangi.