Jinsi ya Kugundua Homoni Yako Mwenyewe

Vitabu vya tiba vinataja homoni zaidi ya 50, na orodha bado haijafungwa. Nafasi yako ipo. Unachohitaji ni panya wa kutosha, subira ya miaka kadhaa, na familia isiyouliza mara kwa mara utaanza lini kuleta fedha nyumbani.

Anza kwa kuchagua kiungo kinachodharauliwa. Kongosho na tezi ya shingo vina wenyewe, huko utakuta foleni. Tafuta kile ambacho kila daktari anaapa kwamba anakijua. Moyo, kwa mfano, ulihesabiwa kuwa pampu, basi. Washairi waliodai kwamba una mengine ya kusema hawakusikilizwa, na kwa kweli hawakuwa na ushahidi. Mwaka 1981 Adolfo de Bold, aliyekuwa akifanya kazi mjini Kingston, Kanada, alisaga vyumba vya juu vya mioyo ya panya na kuwadunga panya wengine mchuzi wake. Panya hao wakakojoa, wakakojoa tena, na chumvi ikatoka kwa wingi. Moyo, kumbe, ukielemewa na damu huziagiza figo zipunguze maji. Mafuta ya mwilini nayo yalichukuliwa kama akiba iliyolala hadi mwaka 1994, Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walipoigundua leptini, ambayo kazi yake ni kuupelekea ubongo taarifa ya akiba iliyopo. Mifupa ikafuata: inaamrisha figo kuhusu fosfeti. Kwa hiyo usiulize kiungo gani kina siri. Uliza kipi hakijawahi kuhojiwa.

Ukishakichagua, kikate mawasiliano. Hapa waige Ernest Starling na William Bayliss, London, Januari 1902. Enzi hizo Ivan Pavlov wa Urusi na wafuasi wake walishikilia kwamba kongosho humwaga maji yake kwa amri ya neva. Waingereza hao wawili walichukua mbwa, wakakata neva zote za kipande kimoja cha utumbo mwembamba, kisha wakamimina asidi ndani ya kipande hicho. Kongosho likamwaga vilevile. Mtu wa kawaida angeandika matokeo na kwenda kunywa chai. Starling alikwangua utando wa ndani wa utumbo, akausaga kwa mchanga na asidi, akachuja, akaudunga mchanganyiko huo kwenye mshipa wa shingoni wa mbwa. Kongosho likamwaga tena, safari hii bila utumbo kuguswa. Hiyo ndiyo sekretini, na jina lenyewe la homoni Starling alilitangaza miaka mitatu baadaye. Zingatia vifaa: wembe, mchanga, chujio. Usimruhusu mtu akuambie kwamba umekwamishwa na bajeti.

Isipokuwa homoni yako ikiwa ya ubongoni. Hapo jenga urafiki na machinjio. Roger Guillemin alikusanya vipande vya ubongo wa kondoo kwa mamilioni. Mpinzani wake, Andrew Schally, akajikita kwenye nguruwe. Walishindana kwa miaka, mabehewa ya vichwa yakichakatwa kupata miligramu chache, na mwaka 1969 ikajulikana kwamba walichokuwa wakikigombania, homoni inayoamsha tezi ya shingo kupitia tezi iliyo chini ya ubongo, kimeundwa na asidi amino tatu tu. Mwaka 1977 waligawana Tuzo ya Nobel, pamoja na Rosalyn Yalow aliyebuni njia ya kupima homoni zilizo chache mno katika damu. Chagua mapema mpinzani mwenye kukuudhi vya kutosha. Anasaidia sana siku ambazo huna hamu ya kuamka.

Wavivu wanayo njia ya kisasa: kuanza na kufuli, kisha kutafuta ufunguo. Seli zina vipokezi vingi ambavyo hakuna anayejua vinamsubiri nani, na wanasayansi, kwa huruma isiyo ya kawaida, wanaviita yatima. Kimoja kilitambuliwa mwaka 1996. Masayasu Kojima na Kenji Kangawa wa Japani wakamtafuta mwenyewe huku na kule, na mwaka 1999 wakamkuta tumboni: grelini, homoni inayochochea njaa. Kwamba njaa inatangazwa na tumbo si habari ya kumshangaza mtu yeyote aliyewahi kufunga, lakini sayansi hudai vielelezo. Yatima bado wapo kwa makumi. Hata kompyuta imeingia kazini: mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walieleza jinsi programu yao ilivyopekua jeni za binadamu na kuorodhesha vipande vya protini zaidi ya 2,600 vya kuchunguzwa, na kimoja kikapunguza ulaji wa panya na nguruwe.

Sasa tahadhari. Usikimbilie kukata keki. Mwaka 2013 maabara moja ya Harvard ilitangaza betatrofini, iliyosemekana kuzalisha seli za insulini, na wagonjwa wa kisukari wakaanza kuhesabu siku. Wengine waliporudia jaribio hawakuyaona matokeo hayo; wenyewe wakarudia, wakashindwa nao, na mwaka 2016 wakaiondoa makala yao. Heshima kwao. Charles-Édouard Brown-Séquard hakuwahi kufika huko. Mwaka 1889, akiwa na miaka 72, alijidunga maji ya korodani za mbwa na simbilisi, akatangaza kwamba nguvu za ujana zimemrudia. Wauzaji wakamiminika nyuma yake kabla wino haujakauka.

Uzao wao haujakatika. Ukishindwa na mbwa, kondoo na kompyuta, fungua meza sokoni, weka chupa za kijani, na ubandike bango la «mvurugiko wa homoni». Hapa hupimi chochote. Mama akija na uchovu, chunusi au hedhi iliyochelewa, mwambie homoni zake zimevurugika. Akiuliza ni zipi, mjibu kwa utulivu: zote, pamoja na zile ambazo Wazungu hawajazigundua.