Ijumaa Bila Nyama

Aliyepanga Wakatoliki tuache nyama Ijumaa za Kwaresima hakuwahi kufika Nyamisati asubuhi wavuvi wakishusha mzigo. Nyama yenyewe mshahara wa ualimu ulishanifungisha tangu Januari. Kanisa limekuja kuniwekea muhuri tu.

Sheria haina utata: ukishatimiza miaka 14, Ijumaa hizo nyama hugusi. Samaki ruksa. Basi uliza huku ruksa hiyo ina nini ndani yake. Delta ya Rufiji ina msitu wa mikoko mkubwa kuliko wote nchini, na humo mizizini ndimo kamba wanamokulia. Kamba hao hao ambao hoteli za Dar es Salaam huwapanga kwenye sahani kwa kuwahesabu. Hapa Kibiti unawaunga kwa tui zito, unakamulia ndimu, wali wa Rufiji pembeni, halafu unajiona mtawa.

Mwaka 2025 mambo yakaharibika kabisa. Jumatano ya Majivu iliangukia Machi 5, Ramadhani imeshaanza, ikawa mtaa mzima tumo kwenye toba. Ijumaa hiyo, saa nane mchana, mama mwenye nyumba akanikuta uani nakoroga chungu.

“Mwalimu, nasikia na nyie mmefunga.”

“Ndiyo, mama. Leo hatuli nyama.”

“Na humo mna nini?”

“Kamba wa nazi.”

Akakiangalia chungu, akaniangalia mimi. “Haya, mwanangu. Mungu akutie nguvu.”

Mtu hajatia hata maji mdomoni tangu alfajiri, harufu ya tui inampiga usoni, na bado ananiombea mimi nguvu! Mtume Paulo, akiwaandikia Wagalatia tunda la Roho, kiasi alikiweka mwisho kabisa. Nadhani alijua angekitanguliza tungeikunja barua pale pale.

Ijumaa iliyofuata nikasema potelea mbali, na kamba pia nawafunga. Nikachemsha muhogo, chumvi tu, nikaula kwa hasira. Adhana ya magharibi haijapoa, hodi mlangoni. Mama mwenye nyumba na sinia la futari: magimbi, tambi, uji wa pilipili manga, na bakuli limefunikwa kawa.

“Sisi tumepika mbuzi,” akasema, “lakini nakumbuka Ijumaa huli nyama. Nimekupikia kamba.”

Kukataa futari ya jirani ni dhambi ya daraja gani, muulizeni padre. Mimi nilinawa mikono.