Kandambili za Chumba Namba Saba

Mama mkwe wangu ni mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza, na mtu aliyezeeka akifundisha kusoma hawezi kuona maandishi akayapita. Huyasoma kwa sauti, silabi kwa silabi, hata yakiwa kwenye mfuko wa saruji. Ndiyo maana usiku wa kuamkia juzi, aliposhuka kwenye behewa pale stesheni ya Manyoni, kikapu mkononi, nusu ya treni ikichungulia madirishani kutafuta asali, hakuanza na salamu. Alinitazama miguuni.

"Ni-me," alisoma mguu wa kulia. Akahamia wa kushoto. "I-bwa."

Kisha akaunganisha, maana ndivyo inavyofundishwa. "Nimeibwa."

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba, baba. Nani kaibwa?"

Mwuza asali mmoja alicheka mpaka akatua ndoo yake chini. Kijana wa bodaboda, ambaye hadi dakika ile alikuwa ananiita bosi, aliacha kuniita chochote. Mlinzi wa stesheni alininyooshea tochi, si usoni kama walinzi wote duniani, bali chini, ili na waliokuwa behewa la nyuma wasome vizuri. Nilikuwa nimevaa suruali iliyopigwa pasi na shati jeupe, kwa heshima ya mkwe. Ilikuwa saa kumi usiku.

Kandambili zile lazima nizieleze, kwa sababu tangu juzi siwazi kitu kingine.

Gesti yoyote nchini, iwe na vigae au sakafu ya saruji, huweka jozi ya kandambili mlangoni pa bafu. Na tangu gesti ya kwanza ifunguliwe kuna wageni ambao asubuhi huondoka nazo. Wenye gesti wamejibu kwa ubunifu ambao ungetumika mashuleni tungekuwa mbali. Njia kongwe ni ya kukata: mwenye gesti huchukua wembe, akamega pembe ya kisigino, ili popote kiatu kitakapoonekana ijulikane kina kwao. Udhaifu wake ni kwamba mtaa mzima hukata pembe ileile, na mwizi akiulizwa husema kaitoa gesti nyingine. Njia ya pili ni ndoa ya mkeka: bluu huozeshwa nyekundu, au kushoto huozeshwa kushoto, ukatembea bafuni ukielekea ukutani. Hii ina nguvu zaidi, ila kuna wageni wawili wa vyumba jirani waliowahi kukutana koridoni, wakabadilishana, na kila mmoja akaondoka na jozi kamili. Hadithi hiyo nilipewa na dada wa mapokezi wa gesti niliyopanga karibu na stesheni, na bado alikuwa na uchungu nayo.

Njia ya tatu ni moto. Unapasha waya mpaka uwe mwekundu, unaandika juu ya mpira. Gesti nyingi huandika jina lao au namba ya chumba. Hapo ndipo mwenye gesti yetu alipowapita wenzake wote. Aligundua kwamba jina la gesti ni tangazo la bure: mtu anaweza kuvaa kandambili zako kijijini kwake akijisifu kwamba amewahi kulala mjini. Kinachomzuia mtu ni aibu. Basi akaandika NIMEIBWA. Lakini aiandike wapi? Katikati, wayo utaifunika. Kwenye kisigino, itasomwa na anayekufuata tu, naye ana mambo yake. Akanunua kandambili zote za namba 11, ili kwa watu wengi mguu uishie njiani, ncha ibaki wazi mbele, na kwenye hiyo ncha akachoma herufi zikimtazama anayekuja. Tena alijua kwamba anayekuja anaanza kusoma upande wa kulia kwako. Kwa hiyo NIME ipo kwenye mguu wa kulia na IBWA ipo kushoto. Ukikosea kuvaa husomeki, ila pia hutembei. Nimemtafuta mtu huyo nimpe mkono, nikaambiwa anaishi Dodoma na hashindi pale.

Jamaa yangu mmoja alipelekwa Japani kwa mafunzo, akalazwa kwenye hoteli za watu wa kazi zinazojengwa mlangoni kabisa mwa stesheni. Anasema chumba ni kidogo mpaka ukifungua begi inabidi upande kitandani, lakini ndani kuna birika la chai, nguo ya kulalia iliyokunjwa kwa rula, na ndala safi ambazo hazimtuhumu mtu. Na hao ndio wenye asili yake! Kandambili hizi za mpira ni wajukuu wa zori, ndala za Kijapani zilizosukwa kwa mabua ya mpunga. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia zikatengenezwa kwa mpira na kuenea duniani kote, hadi zikafika Manyoni kuchomwa waya. Huko kwao mwaka 2017 kampuni moja ya treni, Tsukuba Express, iliomba radhi hadharani kwa sababu treni yake iliondoka stesheni sekunde 20 kabla ya wakati. Hakuna abiria aliyelalamika. Waliona tu vibaya.

Treni ya mama mkwe ilitakiwa kufika saa tatu usiku.

Mwanzoni nilimlaumu dereva wa treni, mpaka jirani yangu kwenye benchi la stesheni, mzee aliyewahi kufanya kazi ya reli, akanifungua macho. Reli ya Kati ina njia moja. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914, upana mita moja kati ya chuma na chuma, na njia moja ndiyo hiyo mpaka leo. Treni mbili zinazotoka pande tofauti hupishana stesheni tu, ambako kuna njia ya pembeni. Kati ya stesheni na stesheni kipande cha reli hupewa treni moja. Nyingine husubiri mpaka mwenzake atoke. Sasa tuseme treni ya mizigo imechelewa kupanda mlima kutoka Saranda, kule reli inakokwea ukuta wa Bonde la Ufa kuja Manyoni. Treni ya abiria kutoka Tabora, isiyo na kosa lolote, itaisubiri mahali fulani, pengine Itigi, pengine Aghondi. Kwa kusubiri huko inakosa miadi yake na treni nyingine iliyo mbele, ambayo nayo inamchelewesha wa kwake. Ucheleweshaji mmoja unazaa, watoto wanaoa, na kufikia saa sita usiku ukoo mzima umelala Aghondi. "Kwa hiyo," mzee akasema kwa furaha ya mtu aliyestaafu, "ukiona treni imechelewa sana, ujue imekuwa na adabu sana." Reli mpya ya umeme, ambayo tangu 2024 inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, inajengwa kupita mkoani kwetu kuelekea Tabora. Mzee anaisubiri kwa wasiwasi. Anahofia hatutakuwa na la kuzungumza kwenye benchi.

Yote hayo nilielewa na nikasamehe. Ambacho sijasamehe ni ukimya. Dirisha la tiketi lilikuwa limefungwa, ubaoni kulikuwa na saa ya wiki nyingine, na kila aliyevaa kitu kinachofanana na sare aliniambia "inakuja." Inakuja saa ngapi? "Iko njiani." Kuna akina mama waliokuwa wamelala chini na watoto kwa sababu hiyo "inakuja" ilianza jioni. Mtu akiambiwa saa kumi, atatafuta pa kujilaza, atanunua chakula, atampigia ndugu simu asije na mtoto kwenye baridi. Manyoni usiku ina upepo usio na huruma. Kumwambia mtu saa hakuhitaji reli mpya wala umeme, kunahitaji chaki.

Basi nikachukua chumba namba saba gesti ya jirani, nisikie honi nikiwa kitandani. Honi ya kwanza ilipolia nilikimbia na viatu vyangu, nadhifu kabisa, nikapokea treni ya mizigo yenye makontena. Nikarudi, nikavua viatu, nikaingia bafuni kuosha vumbi la miguu. Honi ya pili ikanikuta hapo hapo. Yaliyobaki mmeshayasikia, isipokuwa kwamba wakati wa kurudi, nikiwa nimebeba kikapu cha mkwe chenye karanga na mchele wa Tabora, IBWA ilikatika mkanda, na asubuhi nikatozwa shilingi elfu tano za jozi nzima. Nikauliza kama basi naweza kuondoka nayo, maana nimeilipia. Dada wa mapokezi akasema hapana, itakuwa wizi.

Kuhusu hita ya bafuni nitasema tu kwamba bomba lina umeme na maji hayana.

Runinga za vyumba vyote hula chungu kimoja, kisimbuzi kilichoko mapokezi, na usiku ule dada alikuwa na tamthilia ya Kituruki. Kwa hiyo wasafirishaji wa alizeti, madereva wa malori ya Rwanda na mimi, kila mtu chumbani kwake, tulimlilia bibi harusi mmoja.

Tulipofika gesti na mama mkwe ili ajinyooshe mpaka mabasi ya Singida yaanze, dada hakuinua macho kwenye simu. "Mwanamke akiingia, chumba kinaongezeka elfu kumi."

"Huyu ni mama mkwe wangu," nikasema.

"Wote mnasema hivyo," akajibu. Sijui ni wangapi wanasema hivyo, na nisingependa kuwajua.

Nikalipa. Kisha ukaja ule mdaftari mkubwa wa wageni, wenye safu za jina, kazi, atokako, aendako, namba ya kitambulisho, na katikati yake, imepigwa mstari kwa rula, safu ya kabila. Hapa sina mzaha. Kitambulisho changu cha Taifa hakina sehemu ya kabila. Polisi akinisimamisha haniulizi. Shule niliyosoma ilinikanya nisimuulize mwenzangu. Lakini ili nilale kwenye godoro la gesti karibu na reli, mtu ambaye hatanikumbuka kesho anataka kujua babu yangu alizikwa kwa mila ipi. Ya nini? Je, Mgogo na Mnyaturu hupewa shuka tofauti? Nimewahi kuuliza swali hilo kwenye gesti nyingi, na jibu huwa ni moja, kwamba daftari limekuja hivyo. Tumejaza hivyo, ukurasa kwa ukurasa, tangu wazazi wetu waanze kusafiri, na hakuna anayelisoma.

Isipokuwa mama mkwe. Alivaa miwani, akapitisha kidole kwenye safu ile kuanzia juu, akisoma kwa sauti makabila ya watu wote waliolala mle wiki nzima. Watu wawili walifungua milango kuona nani anawaita. Alipofika kwenye mstari wake akaandika, kwa ule mwandiko wa ubaoni ambao hauna haraka: Mwalimu.

"Mama, hilo ni kabila la wapi?" dada akauliza.

"La kila mahali. Na wewe ungekuwa wa kabila letu, ungejua 'kitambulisho' hakiandikwi na 'u' mwishoni."

Akaingia chumbani, akafunga mlango. Mimi nikalala kwenye kiti cha mapokezi, na bibi harusi wa Kituruki, ambaye hadi alfajiri alikuwa hajaolewa.

Asubuhi nikapata hesabu ya mwisho. Chumba nilichokaa nacho muda wa honi mbili kilihesabiwa usiku kamili, nyongeza ya mwanamke juu yake, kandambili juu yake. Tulitakiwa kutoka saa nne kamili. Saa nne na dakika tano tungelipia nusu siku. Nikawaza jinsi nchi hii inavyoweza kuhesabu dakika ikitaka.

Wakati nahesabu chenji, mama mkwe alikuwa amesimama mbele ya karatasi ya masharti iliyobandikwa nyuma ya mlango. NI MARUFUKU KUFUWA. NI MARUFUKU KUPIKA CHUMBAN. NI MARUFUKU KUINGIZA MTU WA TATU BILA KUONA UONGOZI. MGENI ATAKAE POTEZA UFUNGUO ATALIPIA KITASA. Aliyasoma yote, hakuruka hata moja. Akafungua pochi, akatoa kalamu nyekundu ambayo kumbe bado anatembea nayo, akazungushia duara kila kosa, akatenganisha maneno yaliyobanana na kuunganisha yaliyoachana, na pembeni mwa sharti la kitasa akaweka alama ya kuuliza. Chini kabisa akaandika 4/10, Jitahidi, akatia sahihi.

Dada wa mapokezi alikuja kukagua chumba, akaitazama karatasi muda mrefu. Kisha akanigeukia mimi, si mama mkwe, akaniuliza nani atailipia.