Mheshimiwa ametoroka

Jina la Mheshimiwa alipewa na mke wangu siku ileile tulipomleta nyumbani. Alimtazama pale juu ya kijiti, jicho moja likituangalia sisi, jingine likiangalia mlango, mguu mmoja umeinuliwa na haujui utue wapi. "Huyu ni mheshimiwa kabisa," akasema. "Anaangalia pande mbili kwa mpigo, haendi popote, na chakula lazima apelekewe." Jina likakaa.

Ni kinyonga dume wa pembe tatu, aina iliyopewa jina la Frederick Jackson, yule Mwingereza mpenda ndege aliyekuja kuwa gavana wa Uganda. Tulimnunua hapahapa Uingereza, karibu na Reading tunakoishi, kwa mfugaji anayewazalisha mwenyewe. Kijana wetu Elia, mwenye miaka 11, alikuwa ameomba mbwa. Mama yake akasema mbwa anataka kutembezwa kila siku, mvua isinyeshe, inyeshe. Kinyonga hatembezwi. Hoja ilipita bila kupingwa.

Gharama tulizijua baadaye. Kizimba cha wavu, taa ya joto, taa ya mionzi ya UVB, mtambo wa kunyunyiza maji, maana kinyonga hanywi kwenye bakuli. Anangoja matone yakae kwenye majani ndipo ayalambe. Halafu chakula chenyewe: nyenje hai, wanaouzwa ndani ya makopo ya plastiki. Rafiki yetu mmoja mwenyeji wa Bukoba alifungua kabati akitafuta sukari, akakutana na kopo la nyenje. Alisimama kimya kidogo, kisha akauliza kwa uchungu mkubwa kama ni kweli kitoweo chote kile tunampa mjusi. Baadhi ya nyenje walishaponyoka zamani, wakahamia nyuma ya friji, na huko wanaimba usiku kucha.

Hayo yote tuliyazoea. Kisha mama mkwe akaja kututembelea.

Mama ni wa Nkoaranga, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Kule nako vinyonga wa pembe tatu wapo, wa ukoo huohuo lakini wadogo kidogo kuliko ndugu zao wa Mlima Kenya. Mama amekua nao, na kukua nao hakukumfanya awapende. Alipokuwa binti alikuwa akikata majani ya ng'ombe alfajiri moja yenye ukungu, akashika tawi, tawi likamshika. Tangu asubuhi hiyo hataki hata kumwona kinyonga kwenye picha.

Basi aliingia sebuleni, viatu mkononi, bado anaitikia shikamoo za wajukuu, macho yake yakapanda mpaka kwenye kizimba. "Shindwa!" Mkoba ukaenda chini, na kilo mbili za unga wa ulezi zikamwagika zuliani. Alipotulia aliuliza swali moja tu: mlimnunua? Mke wangu akaanza kuzungumzia hali ya hewa. Elia, ambaye tumemfundisha asiseme uongo, akataja bei. Mama akageuza pauni kuwa shilingi kwa vidole, akarudia hesabu, akanigeukia mimi.

"Baba Elia, kwetu huyu yuko kwenye ua, bure, na tunamfukuza."

Elia alidhani anasaidia. Akamweleza bibi yake kwamba wa kwetu ni wa jamii ya Mlima Kenya, jamii yenye historia ndefu: mwaka 1972 mfanyabiashara mmoja wa wanyama kule Hawaii alipokea mzigo wa vinyonga kutoka Kenya, wakafika wamekonda, akawaachia bustanini kwake wapate nafuu. Wakapata nafuu mpaka leo. Wametapakaa kwenye visiwa vya huko, wanakula konokono na wadudu wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Na Kenya ilipozuia kuwauza nje, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wapenzi wa vinyonga wa Marekani wakawa wanaagiza kutoka Hawaii.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo hata huko walitoroka," akasema.

Hatukuyatilia maanani. Julai ilikuwa imekolea, jua la nguvu, na Mama Elia akaamua Mheshimiwa aote jua la kweli. Kumweka dirishani hakusaidii, kwani kioo huzuia ile mionzi anayoihitaji ili mifupa yake iwe imara. Akamtoa nje, akampandisha kwenye mti mdogo wa chungu uliokuwa bustanini, akaketi pembeni na kikombe cha chai. Simu ikalia. Alikuwa dada yake, Arusha, kamati ya harusi. Wasomaji waliowahi kuwa kwenye kamati ya harusi hawahitaji maelezo. Kulikuwa na suala la ukumbi, likaja la keki, likaja la mjomba ambaye ameahidi na hajatoa. Mke wangu aliingia ndani mara moja tu kuchukua daftari la michango.

Aliporudi mti ulikuwapo. Mheshimiwa hakuwapo.

Watu husema mwendo wa kinyonga wakidhani kinyonga hawezi mwendo mwingine. Yule anayeyumba mbele na nyuma ni kinyonga anayejua anatazamwa. Akiona uwazi na hakuna mtu, anakaza miguu, na kwa muda wa mjadala wa keki anaweza kufika mbali kuliko unavyodhani.

Tulitafuta mchana mzima, na kutafuta kwenyewe kulikuwa kichekesho: watu wanne wakitafuta kitu cha kijani ndani ya kijani. Neema, mdogo wake Elia, alipekua hata sanduku la barua. Mke wangu aliandika kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, na mtaa ukaitika. Mmoja alituma picha ya jani. Mwingine alituma picha ya konokono asiye na gamba, akauliza kama ndiye. Mama mmoja alitaka kujua kama ana sumu, amfungie mbwa ndani. Jibu ni hapana, hana sumu. Mzee wa nyumba ya kona akauliza iwapo huenda amebadilika rangi akafanana na matofali, na hapo Elia akachukua simu kwa mama yake akamjibu mwenyewe, aya tatu. Kinyonga habadiliki ili afanane na matofali. Rangi yake hufuata joto, hofu, hasira, na mazungumzo yake na vinyonga wenzake. Mwaka 2015 wanasayansi wa Geneva walionyesha kwamba ndani ya ngozi yake kuna fuwele ndogo mno, na nafasi kati yake ikibadilika, rangi nayo inabadilika. Mzee alijibu kwa kidole gumba.

Kilichotutia hofu ni paka. Mtaa wetu una paka wengi, wote hawana kazi. Na kunguru nao walikuwa wamekaa juu ya paa wakifuatilia shughuli yetu kwa makini ambayo sikuipenda.

Jioni mke wangu akampigia yule mfugaji. Akatuambia tuache mara moja, tule, tungoje giza. Kinyonga akilala hupauka, na ukimmulika tochi anang'aa katikati ya majani hata asiyejua atamwona. Hupanda juu, akachagua ncha ya kijiti chembamba, ili adui akija kijiti kitikisike kimwamshe. Ndivyo hata watafiti wanaowahesabu vinyonga kwenye misitu ya Usambara wanavyofanya: hutembea usiku na tochi. Na akaongeza kwamba aliyetoroka mara nyingi hayuko mbali.

Ushauri mzuri, ila Julai ya Uingereza haina giza. Jua huzama baada ya saa tatu usiku, na hata hapo mbingu inaendelea kuwa na nuru, haina haraka. Mama alikuwa amesonga ugali ukapoa. Alikwenda dirishani mara kwa mara. "Nchi gani hii," akalalamika, "hata jua halitaki kulala."

Saa tano kasoro tukatoka. Elia na tochi ya kichwani, Neema na simu, mke wangu na taa ya baiskeli, mimi na tochi ya gari. Mama alikataa katakata kukanyaga bustanini. Alisema atasimamia zoezi kutoka juu. Akapanda ghorofani, akafungua dirisha la bafuni, akatoa mkono na tochi kubwa ya akiba, na kutoka huko tukawa tunasikia maombi, na katikati ya maombi, maagizo.

Nilianza na ua unaotutenganisha na jirani, ua mrefu ambao hajaukata muda mrefu, na nikaingiza kichwa ndani ili nimulike kutoka chini. Majani. Majani. Buibui. Nikiwa katika hali hiyo taa ya upande wa pili ikawaka, na jirani mwenyewe akatokea kwa joho la kulalia, mkononi ameshika mwavuli. Nilimshukuru Mungu kwamba si Arusha. Kule mtu akikuta kichwa chako ndani ya ua wake saa tano usiku, hakuulizi unatafuta nini. Anaanza na yowe la mwizi, maelezo utatoa baadaye ukiwa bado unaweza kusema. Huyu aliinamisha kichwa kidogo akaniuliza kama mambo ni mema. Nikamwambia natafuta kinyonga. "Ah," akasema, "wa kwenye kundi." Akaingia ndani, akarudi na ngazi.

Tukamulika ua wote kwa chini, pande zote mbili, halafu mti wa tofaa wa jirani, halafu paa la kibanda chake. Hamna. Neema alianza kulia kimyakimya. Ndipo sauti ikatoka juu.

"Baba Elia! Kuna kitu cheupe kimelala juu ya ua!"

"Wapi, Mama?"

"Kushoto!"

Nikaenda kushoto.

"Si kushoto kwako. Kushoto kwangu! Kimeviringa mkia. Yesu wangu, ndiye."

Kwa chini hakuonekana hata kidogo. Alikuwa kileleni kabisa, ameinama kwenye chipukizi lililotokeza nje ya ua, na majani yote yalikuwa kati yake na tochi zetu. Ili umwone ilibidi uwe juu yake, na aliyekuwa juu alikuwa mmoja tu, tena kwa sababu ya woga. Kutoka kwenye ule mti wa chungu hadi pale hapakuzidi hatua kumi.

Nilipanda ngazi, Elia na jirani wakaishika. Kwa karibu Mheshimiwa alikuwa na rangi ya kabichi ya ndani, pembe tatu zimeelekea chini, macho yamefumbwa. Nyayo zake ziligawanyika vidole viwili huku na vitatu kule, na zilibana kile kijiti barabara. Hapo ndipo penye kosa la wengi: kinyonga havutwi. Ukimvuta, yeye anazidi kubana, na kinachoumia ni vidole vyake. Unamwekea mkono mbele, au kijiti, unangoja apande mwenyewe.

Nikaweka kijiti. Jicho moja likafunguka kwanza, likazunguka, likaitafuta tochi. Jingine likaendelea kulala. Kisha akagundua hali halisi, akavimba, akafumbua kinywa akatoa mfoko mrefu, na kile cheupe chote kikaanza kujaa weusi kuanzia mbavuni.

"Usimshike kwa mkono!" likaja agizo la bafuni. "Shindwa! Shindwa!" Mpaka leo sijui aliyekuwa akikemewa ni nani, yeye au mimi.

Mheshimiwa alinyanyua mguu mmoja. Akautafakari. Akaurudisha. Jirani aliuliza kwa upole kama shughuli itachukua muda mrefu. Akanyanyua tena, akashika kijiti, akaleta wa pili, akakikataa kijiti kizima, akapita juu yake na kuupanda mkono wangu, kiwiko, bega, mpaka kisogoni, ambako alijiona amefika. Niliteremka ngazi na makucha yake yameshika ngozi ya shingo yangu. Mke wangu alicheka mpaka akakaa kwenye majani.

Asubuhi Mama alishuka akakaa kwenye kiti cha mbali na kizimba, ila kimeelekea kizimba. Elia aliachia nyenje. Macho yote mawili yakageuka mbele, kinywa kikafunguka kidogo, ulimi ukatoka, mrefu kuliko kiwiliwili, ukarudi. Nyenje hayupo. Mama alishtuka, akacheka, akamwambia Elia arudie. Wiki ilipoisha alikuwa akimlisha mwenyewe kwa koleo refu la kuchomea nyama, huku amekaza mkono na kugeuza uso, na swali lake la kwanza kila asubuhi likawa, "Mheshimiwa amekula?"

Uwanja wa ndege alituaga wote, akamvuta mjukuu wake kando. "Desemba njooni," akamwambia. "Ila huyo mwacheni hukuhuku." Na hata tungetaka kwenda naye tusingeweza hivihivi: vinyonga hawa wako kwenye orodha ya pili ya mkataba wa CITES, na hawavuki mpaka bila kibali.

Kwa hiyo tunatafuta mtu wa kukaa naye wiki tatu za Desemba, Reading. Awe haogopi, awe na subira na nyenje wa nyuma ya friji, na asiwe kwenye kamati ya harusi yoyote.