Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Kizuizi

YAH: OMBI LA KIBALI CHA KUAJIRI DEREVA WA TELA

Mheshimiwa,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni yule mwenye Noah ya kijivu na tela la viti vya harusi, ambaye vijana wako huanza kumpungia mkono akiwa bado kwenye kona. Tumefahamiana kwa stakabadhi. Kila Jumamosi ninayopeleka viti Chalinze nakuachia Sh 30,000, nami naondoka nimejifunza jambo jipya kuhusu tela langu.

Nimejifunza kwamba tela, lisilo na injini wala tone la petroli, linatakiwa liwe na mtungi wake wa kuzimia moto. Nilionyesha wa gari. Nikaambiwa huo ni wa gari. Jumamosi iliyofuata nikaja na mitungi miwili, namba ya tela ikakutwa ina vumbi. Iliyofuata tena, namba inang'aa kama sahani za meza kuu, afande akalizunguka tela mara mbili, akachuchumaa, akainuka, akaniuliza kwa upole kabisa: "Sasa mzee, dereva wa hili tela ni nani?"

Swali lile liliniondolea usingizi, na jibu nimelipata. Ni mpwa wangu, kijana mtulivu, hajapata kazi tangu amalize chuo. Atakaa juu ya viti 200, kwenye kile cha juu kabisa, ameshika usukani wa Corolla nilioununua kwa wauza vyuma chakavu. Usukani huo haujaunganishwa na kitu chochote, jambo ambalo naamini halitaathiri ukaguzi. Kulia kwake mtungi, kushoto spea, kifuani leseni ndani ya nailoni ili isomwe bila kumshusha. Nikikata kulia, naye atakata kulia. Nikichelewa, atatangulia yeye, nione aibu. Honi atapiga kwa mdomo. Mkanda wake ni kamba ya katani, ya hapa hapa Morogoro. Amekariri majibu yote: anatoka wapi, anakwenda wapi, na hapana, hana hela ya soda. Mshahara wake ni ubwabwa wa shughuli, na kwenye mvua nitampa mwavuli.

Najua kumpandisha mtu juu ya tela ni hatari. Lakini hatari haijawahi kuwa kosa kwenye kizuizi chako.

Maana mwezi wa nne nilipita hapo nikiwa hatari ya kweli. Vijana wa kupakia walikuwa na haraka, wakarundika mabomba ya maturubai mwishoni kabisa, nyuma ya ekseli. Tela lenye kilo 700 linatakiwa liikalie ile gololi ya kuvutia iliyo nyuma ya gari kwa kilo 70 hivi, kama mtu mzima amesimama pale. Siku ile kichwa cha tela nilikinyanyua kwa mkono mmoja, nikafurahia wepesi. Kwenye mteremko, spidi 80, likaanza kupiga mkia. Mara ya kwanza kidogo. Mara ya pili likaiburuta Noah hadi mstari wa katikati, na basi la mikoani linakuja. Mguu ulitaka breki. Fundi aliyelichomelea aliwahi kuniambia: hapo ukikanyaga breki, tela linakupita. Nikaachia mafuta, nikashikilia usukani usiende popote, basi likapita na honi yake, mkia ukatulia spidi ilipofika 50. Minyororo ya usalama, ile inayopishanishwa chini ya kiungio ili kichwa kikichomoka kidakwe kisilale barabarani, ilikuwa nyumbani, imefunga geti.

Nikafika kwako mikono inatetemeka. Afande akaja mpaka kwenye kiungio. Akanyanyua mguu, akakiruka, akaenda kusoma stika.

Nilistahili kukamatwa siku ile. Nilikaribia kuua basi zima la watu, ukanitoza kwa rifleta iliyobanduka. Na wakati kalamu yako inatembea, likapita lori la mkaa lisilo na taa hata moja nyuma, mkapungiana mikono. Niliwaona. Foleni nzima iliwaona, na sote tukatazama chini kama wezi, sisi.

Samahani. Jua lilikuwa kali.

Maombi mengine ni madogo. Kizuizi kihamie kwenye ule mwembe wa upande wa pili. Stika mpya zibandikwe juu ya za zamani bila kukwanguliwa, maana ndizo zinazozuia kioo changu kisianguke. Na nipewe kadi ya kugongwa mihuri. Faini zikifika kumi, ya kumi na moja iwe bure.

Jumamosi hii kuna sendofu Chalinze. Tutapita saa nne asubuhi. Minyororo imerudi kwenye tela, mabomba yamelala mbele kidogo ya ekseli, hayo hayakuhusu. Mpwa wangu atakuwa juu, amevaa tai. Ni mgeni wa kazi na ana wasiwasi, kwa hiyo naomba asimamishwe kwa upole, na stakabadhi yake iandikwe kwa jina lake mwenyewe.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,
Mwenye Tela