Brauni za Wifi

Karatasi ya zahanati ilisema mume wangu apunguze mafuta, sukari na uzito. Mwanamume mwingine angeikabidhi kwa mkewe. Wangu aliipiga picha akamtumia dada yake, na kesho yake wifi alikuwa mlangoni kwetu Tabata, anashusha mizigo kwenye bajaji: ndizi mbivu, parachichi, kopo la mtindi, kichupa cha matone ya stevia na trei ya mayai. "Wifi yangu, leo wewe pumzika," akaniambia. "Brauni za kaka nitaoka mimi."

Mwanamke kuambiwa apumzike ndani ya jiko lake si jambo dogo, na jiko lenyewe ndilo linalolipa ada za watoto. Naoka kwa oda: keki za sendoff, za ubarikio, na brauni kwa trei. Lakini wifi ni wifi, na mama mkwe alikuwa sebuleni ameegesha sikio. Nikavuta stuli, nikakaa.

Brauni zangu hazina siri. Trei ya mraba ya inchi 8 inachukua siagi gramu 150, siagi ya maziwa hasa, si ile ya kopo ya kupaka mkate. Sukari gramu 250. Kakao gramu 75, na nikiipata ya Kyela huwa sitaki nyingine. Mayai mawili, unga wa ngano gramu 70, vanila na chumvi. Ukijumlisha, trei nzima ni kama kalori 2,600, na zaidi ya robo tatu zinatoka kwenye siagi na sukari. Hesabu hiyo wifi alikuja nayo kwenye simu. Kwa hiyo akaviondoa vyote viwili, siagi akaifidia kwa ndizi, sukari kwa stevia.

Tatizo ni kwamba vitu hivyo havikai mle kwa ajili ya utamu peke yake. Siagi inaupaka unga mafuta, unga usipate kunyonya maji na kuanza kuvutana kama wa chapati. Sukari inashika maji, kitafunwa kisikauke, na ikiyeyuka kwenye mayai yaliyopigwa vizuri ndipo unapata ile ngozi nyembamba ya juu inayong'aa na kupasuka ukikata. Stevia ina utamu wa kutosha, lakini matone hayawezi kujaza nafasi ya gramu 250. Wifi alipoona mchanganyiko umekuwa mzito na umebaki kidogo chini ya bakuli, akatia magadi soda, kijiko cha chakula kilichofurika, akakoroga kwa nguvu zote za mtu anayempenda kaka yake. Ndani ya oveni ukaumuka hadi tukaitana kuangalia. Ulipotoka ukanywea katikati. Ukiubonyeza unarudi. Ladha ilikuwa ya ndizi, kisha ya sabuni.

Mume wangu alitafuna muda mrefu, akameza. "Afya yenyewe unaihisi kabisa," akasema, akaomba maji.

Ya parachichi siisemi sana. Mafuta yake ni mazuri kweli, ila lile halikusagika vizuri, kila kipande kikatoka na madoa ya kijani. Watoto walisema brauni zimeota ukungu, wakaenda kucheza nje.

Sasa maharage. Naomba nisieleweke vibaya, maharage kwenye brauni si utani. Yakichemshwa mpaka yakawa laini kabisa, yakasuuzwa na kusagwa bila kuacha punje, yanachukua nafasi ya unga, yanaongeza nyuzinyuzi na protini, na kakao ina nguvu ya kutosha kuificha ladha yake. Kuna wateja wangu wasiokula ngano ambao huwaokea hivyo, na hurudi kuagiza tena. Wifi alikuwa amesoma hayo yote. Alichokosa ni maharage tu. Akauliza kwa sauti kuelekea sebuleni, "Mama, humu ndani hakuna maharage yaliyochemshwa?"

"Yapo kwenye friji," mama mkwe akajibu. "Bakuli la kijani."

Yalikuwepo. Mama alikuwa ameyachemsha asubuhi kwa matayarisho ya usiku, na yeye mkono wake naujua: chumvi kutoka mwanzo, na vitunguu swaumu vya kutosha kumfukuza mbu mtaa wa pili. Yalikuwa yanasubiri nazi. Wifi akachota kiasi, akakimimina kwenye blenda pamoja na supu yake, akaongeza mayai, kakao na tende alizozilowesha. Harufu ilipoanza kutoka, nilitazama dirishani. Mimi nilikuwa nimeambiwa nipumzike.

Mtu hajui harufu ya chokoleti na vitunguu swaumu inavyosafiri mpaka ikutane na geti. Jirani aliyekuja kurudisha ndoo aliuliza tunapika nini. Wifi akamjibu, "Brauni," kwa sauti ya mtu asiyependa kuulizwa mara ya pili. Jirani akaitua ndoo, akaondoka bila kuaga vizuri.

Kwa kuwa mama mkwe ndiye mkubwa wa nyumba, kipande cha kwanza kilikuwa chake. Akakishika kwa vidole viwili, akakigeuza, akamega pembe. Akatafuna taratibu, akamtazama binti yake, kisha akanitazama mimi kwenye stuli.

"Mboga imeiva vizuri," akasema. "Wali uko wapi?"

Mume wangu alipaliwa hadi akapigwa mgongo. Wifi alinuna kwa muda wa kutosha kulinda heshima yake, halafu naye akaangua kicheko, akavua aproni na kunitupia. "Haya, wifi. Inuka."

Nikainuka. Sikuitupa mizigo yake, maana mtindi ule ulikuwa wa maana. Nilichuja maji yake kwenye kitambaa safi, nikapima gramu 75, na siagi nikaacha gramu 75. Nusu ya siagi inatosha kufanya kazi niliyoeleza. Ukiiondoa yote ndipo unapopata mpira. Sukari niliishusha hadi gramu 180, nayo nikaipiga na mayai mpaka yakawa meupe na mazito, ngozi ya juu isipotee. Kijiko kimoja cha kahawa ya unga kikaenda pamoja na kakao. Hakionekani kwenye ladha, lakini kinaikoleza chokoleti, na ulimi hauulizi sukari imekwenda wapi. Magadi soda sikuyagusa. Unga uliingia mwisho, nikaugeuza kwa mwiko mpaka weupe ulipopotea, basi. Brauni yenye mafuta machache inakauka haraka, kwa hiyo niliitoa kijiti kikiwa bado kinatoka na chembechembe zenye unyevu. Watu wengi huharibia hapo, wanangoja kijiti kikavu kama wanaoka keki.

Trei hiyo ni kama kalori 1,850. Lakini punguzo kubwa zaidi lilitoka kwenye kisu. Mume wangu amezoea trei ikatwe vipande 9, na kwa vipimo vya zamani kila kimoja ni kama kalori 290. Mimi nilikata 16. Kipande kikawa kama 115, na yeye alikula kimoja akalamba vidole. Wifi alilalamika kwamba vipande ni vidogo mno, nikamweleza habari za hoteli ya Palmer House ya Chicago, inayodai kwamba brauni zilizaliwa jikoni mwake mwaka 1893. Bertha Palmer, mke wa mwenye hoteli, alitaka kitu kitamu kidogo kuliko kipande cha keki, cha kuwekwa kwenye visanduku vya chakula vya wanawake kwenye maonyesho makubwa ya mwaka huo. Udogo ulikuwemo kwenye oda ya kwanza.

Mama mkwe alisikiliza habari za Chicago hadi mwisho, akachukua kipande cha pili, akasema hiki ndicho kitafunwa. Maharage yaliyobaki kwenye bakuli aliyaunga na nazi usiku ule, tukala na wali.

Wifi bado anamtumia kaka yake picha za mapishi ya afya karibu kila Jumatatu. Ila juzi ameniagizia trei mbili za kupeleka kwenye kicheni pati ya rafiki yake, na akasisitiza kwa ujumbe wa sauti, mara mbili, kwamba siagi nisipunguze.