Nadharia ya Kitufe Kinachohama

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti wa serikali ya mtaa, makatibu muhtasi, walimu wastaafu, wenye stationeri, na mafundi wenzangu mliosimama nyuma kwa kukosa viti: itifaki imezingatiwa. Asiyetajwa ajihesabu ametajwa.

Mshereheshaji amenitambulisha hapa kama "fundi". Namsamehe. Mimi ni Mtaalamu Mwandamizi wa Mifumo Endeshi ya Kompyuta, cheo nilichotunukiwa na nafsi yangu mwaka 2004, baada ya kupiga Windows kwa miaka miwili mfululizo bila mteja hata mmoja kurudi kulalamika. Wapo waliohama mtaa, lakini hao hawaingii kwenye takwimu.

Nimeombwa nieleze kwa nini kompyuta, kila inapozoeleka, hubadilishwa. Swali hili limewashinda wengi. Mimi limenichukua jioni moja.

Tarehe 24 Agosti 1995 Microsoft ilizindua Windows 95, na kwenye kona ya chini kushoto ikaweka kitufe kilichoandikwa Start. Kona ile! Karani aliyekuwa akikishika kipanya kana kwamba kitamng'ata aliijua kona ile kama anavyoijua njia ya msalani usiku umeme umekatika. Miaka kumi na saba mkono ukawa unakwenda wenyewe, macho yakiwa dirishani. Kisha, Oktoba 2012, ikaja Windows 8, na kitufe hakipo. Hakikusogezwa, hakikufunikwa. Kimeondolewa, na badala yake tumetandikiwa vigae vya rangi kama sakafu ya saluni. Watu wazima, wenye familia, wakawa wanabonyeza kona tupu. Mwaka mmoja baadaye, kwenye toleo la 8.1, kitufe kikarudi kimyakimya, kama mume aliyeaga kwamba anakwenda sokoni. Tukakipokea. Hatukuuliza kilikolala. Tukadhani yameisha, mpaka Oktoba 2021, Windows 11, tukakikuta kimesogea katikati ya skrini pamoja na majirani zake wote.

Naona kijana pale anatikisa kichwa, anataka kusema kwamba kinaweza kurudishwa kushoto kwenye mipangilio. Kweli kabisa, mwanangu. Lakini mipangilio nayo imehama.

Kutokana na ushahidi huo nimetunga Kanuni ya Kwanza: kitufe huhama siku ambayo kidole kimeacha kukitafuta. Kanuni ya Pili haipo, maana ya kwanza inatosha.

Tuje kwenye hesabu. Baada ya Windows 8 ilifuata Windows 10, Julai 2015. Sisi Waswahili tukitaka kufikisha jambo zito tunasema hayo tisa, kumi ni hili. Wenzetu hata hiyo tisa hawakuisema! Walitua kwenye kumi moja kwa moja, na mpaka leo kuna watu wanaulizana tisa ilikwenda wapi. Jibu ninalo, ila nalitoa kwenye semina ya kulipia. Mwaka huohuo mfanyakazi mmoja wa kampuni hiyo alitamka mbele ya hadhara kwamba kumi ndilo toleo la mwisho. Miaka sita baadaye likaja la kumi na moja. Mnamjua mgeni wa aina hiyo, anayeaga, anasimama, anavaa viatu, halafu pale mlangoni anaanza hadithi mpya.

Msidhani nawaonea hao peke yao. Apple waliyapa matoleo yao majina ya paka wakubwa, duma, chui, simba, hadi paka wakawaishia, mwaka 2013 wakahamia majina ya mahali huko California. Wenye mfumo wa Ubuntu, jina lenye maana ya utu, hutoa toleo jipya kila Aprili na Oktoba, na la kwanza kabisa, la mwaka 2004, walilipa jina la ngiri. Utu na ngiri! Tuendelee.

Sasa sikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo nilipobobea. Kisanduku kinakutokea katikati ya kazi na kukuuliza: apdeti sasa hivi, au nikumbushe baadaye? Tafuteni "hapana". Haipo. Ni ile adabu ya mdaiwa ambaye hakatai kulipa, ila anakwambia njoo kesho. Mwaka 2016 mambo yalifika pabaya zaidi: mtu wa Windows 7 au 8.1 akikifunga kisanduku kwa ile X nyekundu, mfumo ulihesabu kwamba ameridhia kupandishwa kwenda kumi. Mila zetu zinasema bibi harusi akinyamaza ameridhia. Hapa hata aliyetoka ukumbini mbio, kaacha viatu, alihesabiwa ameridhia.

Ukishakubali, kwa hiari au kwa kukimbia, zinaanza asilimia. Nawasihi msichanganye asilimia ya kompyuta na asilimia ya benki. Ya kompyuta ni ya kondakta. Unaingia kwenye daladala saa mbili asubuhi, kondakta anakwambia bado wawili tu tunaondoka. Wanapanda wanne. Bado wawili tu. Anashuka mmoja kununua vocha. Bado wawili tu. Nami nimeshuhudia asilimia 27 ikikaa dukani kwangu tangu adhuhuri hadi magharibi, na mteja, mwanafunzi aliyekuja kuchapisha utafiti wake, akahama kutoka kusimama kwenda kukaa, kutoka kukaa kwenda kusali.

Na juu ya skrini pameandikwa: usizime kompyuta yako. Ndugu zangu, nani kati yetu anazima? Ujumbe huo unatumwa kwa mtu asiyehusika. Upelekwe kule wanakokata umeme.

Bando silizungumzi. Sasisho kubwa hula gigabaiti kadhaa, na mwenye bando la wiki hujua limeingia pale anapopokea ujumbe wa kumshukuru kwa kutumia mtandao.

Hata hivyo mtaalamu wa kweli hana upendeleo. Kila Jumanne ya pili ya mwezi, saa mbili au saa tatu za usiku wetu kutegemea majira ya kwao, Microsoft hutoa viraka vya kuziba matundu. Jumatano yake wezi huvifungua viraka hivyohivyo wajue tundu liko wapi, wakawavizie wasioziba. Machi 2017 kiraka kimoja kilitolewa. Tarehe 12 Mei kirusi cha WannaCry kikapita palepale kwa waliosema nikumbushe baadaye, na hospitali za Uingereza zikaahirisha miadi ya wagonjwa. Kwa hiyo kiraka nakiheshimu. Wakileta kiraka, nakipokea kwa mikono miwili. Ninachokataa ni kuletewa fundi wa kuziba bati linalovuja, halafu kabla hajaondoka amehamisha mlango wa choo, na akiulizwa anajibu kwamba vyote ni kazi moja, huwezi kuchukua hiki ukaacha kile.

Tena siku hizi wanakagua nyumba yenyewe. Windows 11 inadai kichipu cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa isiyo ya zamani sana. Tarehe 14 Oktoba 2025 huduma ya kawaida ya Windows 10 ilifikia ukomo. Mashine zetu za mtumba, zilizokwisha kufanya kazi ofisi za Ulaya zikastaafu, zikaja kuanza upya hapa, zinaambiwa hazina sifa. Kibodi nzima, skrini nzima, feni inapuliza kama mlango wa pwani. Nilipomweleza mteja mmoja kwamba kompyuta yake haiumwi ila imekataliwa, aliniuliza kama kuna mtu wa kuonana naye. Nikamjibu kitaalamu kwamba yupo, ila hapokei simu.

Naona mkono. Ndiyo, Mwalimu, shikamoo. Vijana, mpeni mama kipaza sauti. Unasema tangu kompyuta yako ijisasishe juzi hukioni tena kitufe cha kuprinti, na wajukuu nao wametafuta? Swali zuri sana. Swali zito. Hebu iwashwe hiyo projekta niwaonyeshe wote kwa pamoja... kilikuwa hapa juu... au hapa pembeni... hapa pana picha ya mawingu, sijui inafanya nini...

Mwalimu, nikumbushe baadaye.